Mifupa Mitano ya Shingo

Ile Jumapili ya bondeni, karibu na Mtowisa, naikumbuka, mwanangu, na hadi leo inanikera. Lakini nianze na wewe kwanza. Juzi umenionyesha kwenye simu picha ya mfupa unaochungulia korongoni kule kule bondeni, mkubwa kama kinu, ukaniambia Jumamosi wewe na washikaji zako mnashuka na sururu muung'oe, muulete hapa mtaani kwetu Izia, muuweke kwenye kijiwe chenu cha bodaboda watu wapige nao picha. Ukacheka. Mimi sikucheka. Kaa chini unisikilize, na hiyo simu iweke mfukoni.

Nilikuwa binti wa huku juu Ufipa, nimeolewa bondeni, joto la kule sijalizoea bado. Walikuja watafiti wa mifupa ya kale, wakataka vibarua, nikajiandikisha. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Anselimu, Mfipa mwenzangu aliyekwisha kuchimba nao misimu mingi. Yeye ndiye aliyetueleza kwamba tunatafuta dinosaria wa shingo ndefu, mla majani, tembo ni mtoto mbele yake, aliyekufa zamani kabla hajazaliwa binadamu wa kwanza. Shingo ile, alisema, ingekuwa ya mifupa mizito mnyama asingeinyanyua. Kwa hiyo ndani ya kila pingili, yaani kila mfupa wa shingo, kuna vyumba vidogo vya hewa, tele, kama sega la asali, na kuta zake ni nyembamba mno.

Kazi ilinichosha roho. Brashi, sindano, brashi tena. Kila mfupa unachorwa pale pale ulipolala, unapewa namba, unapakwa gundi, unafunikwa karatasi iliyoloweshwa, ndipo unazungushiwa vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta, kama wafungavyo mguu uliovunjika hospitalini. Kutwa nzima hujamaliza karai moja la udongo. Nami nilikuwa mwanamke wa jembe, mwanangu, mashamba ya watu nimeyamaliza kabla ya saa nne asubuhi! Niliona wanatuchezea.

Jumapili ile wakubwa walikuwa wamepanda Sumbawanga kufuata mahitaji. Tangu Ijumaa tulikuwa tumefunua pingili tano za shingo, zimelala kwa mfuatano, kila moja imeingia kwenye mwenzake, mbele duara, nyuma kama kikombe. Mawingu yakajikusanya. Nikasema mvua itazichukua, ngoja niwaonyeshe hawa kazi. Nikabeba jembe langu.

Unajua tunavyolima sisi Wafipa. Tunakata udongo na nyasi zake, tunaupindua, wa chini unakuwa juu, tunaukusanya kuwa tuta la mviringo, intumba. Mkono wangu haukujua namna nyingine. Nikakata, nikapindua, nikajaza lile eneo matuta mazuri kabisa. Pingili nikazitoa zote, nikaziosha kijitoni, nikazipanga juu ya gunia kuanzia ndogo hadi kubwa, kama mtu aliyevuna viazi. Nikasimama kifua mbele kungoja sifa.

Mzee Anselimu alitoka kanisani akaja moja kwa moja. Aliyatazama matuta kwanza, halafu gunia.

"Ipi ilikuwa karibu na kichwa?" akaniuliza.

Akainama akashika moja.

"Na hii ililalia ubavu gani?"

Nikamwambia niliiokoa na mvua, mzee wangu.

"Mvua tungeizuia kwa turubai. Wewe nani angekuzuia? Umelima, binti, hujachimba."

Nilikasirika! Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba mzee ana wivu. Na mvua yenyewe haikunyesha. Kesho yake pingili mbili zilikuwa zimekauka na kumomonyoka, vile vyumba vya hewa vimekuwa chenga ndani ya ndoo. Tatu zilizobaki zilikuwa zimechubuka miisho yake, hakuna aliyeweza kuziunganisha tena.

Mzee alinilazimisha nimweleze mwenyewe daktari aliyeongoza kazi, mama wa makamo, mpole. Hakunifokea. Alifungua daftari lake, pale palipongoja mchoro wa shingo akaandika maneno mawili, akanigeuzia nisome: "Mpangilio haujulikani." Akaniambia kwa upole kwamba urefu wa shingo ile, na jinsi mnyama alivyoinyanyua kufikia majani, vilikuwa vimeandikwa kwenye ule mfuatano, na hapakuwa na nakala nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki. Nililia njia nzima, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilidhani ninasaidia.

Sasa nyinyi, hata hilo la kusaidia hamna. Mnakwenda kuvunja ili mcheke! Kitu kimetunzwa na ardhi miaka mingi kuliko tunavyoweza kuhesabu, kimeusubiri mto ukifunue, halafu kikutane na sururu ya mtu anayetaka kusifiwa kijiweni. Naona aibu, mwanangu, na naona hasira. Wakija wageni wakaondoka na elimu ya bonde letu tunalalamika, na sisi wenyewe tunaigonga kwa nyundo.

Basi sikia. Usiung'oe. Usiuoshe, usiuguse hata kwa kidole. Zungushia miti ng'ombe wasiukanyage, upige picha mfupa ukiwa umelala pale pale, kisha nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, umwambie apeleke habari kwa watu wa mambo ya kale, maana mali ile ni ya nchi nzima. Watachelewa, najua. Ngoja. Mwenda pole hajikwai. Na popote utakapofanya kazi, ukikuta kitu ambacho hukijui, uliza kwanza mpangilio wake kabla ya kukisogeza, kwa sababu kuna vitu ukishavisogeza, hata ukivirudisha, umeviharibu.

Mungu akupe subira ambayo mimi sikuwa nayo. Akujalie siku moja usimame mbele ya mifupa ya hilo korongo lako imepangwa yote, uwaambie wanao: niliikuta hivi, nikaiacha hivi.