Kuoza

Juzi fundi aliinua mbao za sakafu bafuni kwangu, na harufu ya mti uliolowa ikanirudisha nyumbani, Kibosho, utotoni. Bomba letu la bafuni lilikuwa likivuja mchana kutwa, tone kwa tone, hakuna aliyetulia. Nilikuwa jikoni nikimenya ndizi nilipomsikia fundi bafuni akimwambia mama, “Kuoza kumeanza siku nyingi. Tusingoje tena.”

“Basi iwe leo hii hii,” mama akajibu.

Walikuwa wanazungumzia mbao za sakafu. Lakini msimu ule ulikuwa wa harusi, na kwangu kuoza kulikuwa kuoza binti. Nilikimbia hadi migombani alikokuwa dada Anjela akikata majani ya ng'ombe.

“Dada, wanakuoza leo!”

Nilidhani atacheka kwa furaha. Mundu ulimponyoka.

“Kwa yule mzee aliyeniposa?” akaniuliza.