Kadi Iliyorudi Madou

Katika mtaa mzima wa nyuma ya hekalu, pale Madou, hapakuwa na mtu mwenye marafiki wengi wa mbali kama Ko Bi-yun, wala hapakuwa na mtu aliyesafiri kidogo kama yeye. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mke wa mkulima wa mabalungi, na Taipei kwenyewe alikuwa amefika mara mbili tu, zote kwa harusi za watu. Lakini kadi zilimjia karibu kila wiki kutoka kila pembe ya dunia. Binti yake, Pei-chen, ndiye aliyemwandikisha kwenye chama cha wabadilishana kadi mwaka ule alipoondoka kwenda chuo Kaohsiung, ili mama asikae anaitazama simu kutwa. Unapewa anwani ya mtu usiyemjua, unamtumia kadi. Na mtu mwingine usiyemjua, kwingine kabisa, anapewa yako. Miaka tisa baadaye Bi-yun alikuwa na mikebe kumi na minne ya biskuti iliyojaa kadi, na Kiingereza cha kuokoteza kilichomtosha kueleza hali ya hewa, chakula na umri wa watoto.

Kati ya wote hao, mmoja aligeuka ndugu. Huyo ni Zdenka, mwalimu mstaafu wa mji mdogo huko Cheki. Baada ya ile kadi ya kwanza ya chama waliendelea wenyewe, kadi moja kila mwezi. Kiingereza cha Zdenka nacho kilikuwa kibovu, labda ndiyo maana walielewana. Miaka miwili nyuma Zdenka aliandika nyuma ya picha ya bata: "Wamenikata titi la kushoto. Blauzi zangu sasa zinalala upande. Nimepanda nyanya."

Basi mwanzoni mwa mwezi wa tisa, Bi-yun alipokuwa na jambo asiloweza kumwambia mtu yeyote, alimwandikia Zdenka.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa saba, gari la kupima matiti lilipokuja kuegesha uwanjani mwa hekalu. Wanawake wa mtaa walipanga foleni wakitaniana, naye akapimwa. Wiki mbili baadaye muuguzi akapiga simu: kuna kitu upande wa kulia, aje hospitali Tainan wamchome sindano, wachukue kinyama wakipime. Bi-yun akajibu, "Nikimaliza mavuno." Muuguzi alipopiga tena, akajibu, "Nikimaliza harusi."

Harusi ilikuwa ya Pei-chen, mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja. Bi-yun mwenyewe aliolewa mama yake akiwa hajatimiza siku mia kaburini, kwa haraka haraka, maana kwa mila yao siku mia za msiba zikipita ingebidi kungoja miaka mitatu. Alivaa nguo nyekundu na macho yamevimba kwa kulia. Binti yake hataolewa namna hiyo. Akanyamaza, akawa anaoga amefumba macho ili mkono usiende pale penye kile kitu.

Kadi ilikuwa na mistari mitano. "Nina uvimbe kwenye titi. Nyumbani hawajui. Harusi kwanza. Naogopa sana. Wewe uliogopa?" Akabandika stempu, akabandika anwani, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku jekundu karibu na soko.

Aliporudi ndipo alipoona. Pei-chen alikuwa amemchapishia karatasi mbili za vibandiko: moja ya anwani ya Zdenka, kwa kuwa herufi za Kicheki zilimtoa jasho, na nyingine ya anwani ya nyumbani, ya kuwapelekea wanaotaka kumwandikia. Karatasi ya Zdenka ilikuwa imebakiwa na kibandiko kimoja tu. Na kibandiko hicho kilikuwa bado pale pale.

Kadi ile, wazi bila bahasha, ilikuwa inakuja kwake nyumbani.

Alirudi sokoni mbio, akasimama kando ya sanduku saa nzima mpaka mtu wa posta akaja na mfuko wake.

"Kaka, samahani, humo mna kadi yangu."

"Humo zote ni za watu, dada."

"Hii ni yangu kwelikweli. Nimeituma mimi, na anwani ni ya kwangu."

Yule bwana akaacha kufungua kufuli, akamtazama. "Umejiandikia mwenyewe? Sasa haraka ya nini? Si itakuja kwako?"

"Naitaka leo."

"Kikishaingia humu, mimi sina ruhusa hata ya kukiangalia. Nenda ofisini na kitambulisho, ujaze fomu."

Alikwenda. Karani, binti mpole, akavuta fomu, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Kadi ina picha gani, mama? Na imeandikwa nini, ili waitambue?" Bi-yun akafungua mdomo. Nyuma yake kwenye foleni akasikia, "Ee, Bi-yun! Kadi gani tena hiyo?" Alikuwa mama muuza tofu wa mtaani kwao, mwanamke ambaye habari haikulala kwake.

"Basi, acha tu, si kitu," Bi-yun akasema, akatoka bila kuaga.

Akapiga hesabu. Kadi itapanda hadi Taipei pamoja na za ng'ambo, huko wataona anwani ni ya humu humu nchini, wairudishe. Siku mbili, au tatu. Mumewe, Teng-fa, hakujua hata neno moja la Kiingereza. Mama mkwe, mwenye miaka themanini na minne, hakujua kusoma kabisa. Lakini mama mkwe ndiye aliyekaa mlangoni akifunga mabalungi kwenye karatasi, na ndiye aliyepokea barua mkononi mwa Hung, tarishi wao, kwa sababu alipenda picha. Kila kadi ya kigeni alikuwa akimpa Pei-chen: "Nisomee." Na Pei-chen alikuwa amechukua likizo ya wiki nzima kuja kusaidia mavuno.

Siku ya kwanza Bi-yun alihamisha kigoda chake hadi langoni. Hung alipita saa nne na nusu kama kawaida, na bili ya umeme tu. Siku ya pili, hakuna kitu. Kila pikipiki ya kijani, rangi ya posta, ilipokata kona, aliinuka kigodani. Ilipopita bila kusimama hakupata nafuu, maana kesho nayo ilikuwa inakuja.

"Mama Pei-chen," Teng-fa akamwita toka kwenye lundo la makatoni, "mabalungi yako bustanini, mbona wewe unayatafuta barabarani?"

"Anamsubiri mchumba," akasema Pei-chen. "Baba, angalia sana, wa Mama ana stempu."

Wakacheka wote. Bi-yun naye akacheka, akajikata kidole kwa mkasi.

Siku ya nne redio ikatangaza kimbunga kinakuja toka kusini. Balungi lililoangushwa na upepo huwezi kumtumia mtu zawadi ya sikukuu ya mwezi, kwa hiyo kila mwenye mikono miwili akatakiwa bustanini. Bi-yun akasema kichwa kinamuuma. Teng-fa akamtazama tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, Bi-yun akaona aibu. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Akajiambia atachuma safu mbili, kisha saa nne atakuwa langoni.

Hakujua kwamba kwa ajili ya kimbunga hicho hicho Hung naye angeanza mzunguko mapema. Bi-yun alikuwa juu ya ngazi aliposikia honi yake, mbali, upande wa nyumbani. Alishuka akiruka vipandio, akaacha kikapu kimening'inia tawini.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kadi ameisogeza karibu na pua.

"Nipe, Mama," Bi-yun akasema akihema.

"Ngoja kwanza. Kusoma sijui, lakini mwandiko wa mkamwana wangu naujua, umeniandikia dawa zangu miaka thelathini." Akaigeuza. "Hizi ni herufi zako hizi, kama kuku wamechakura. Tangu lini mtu akajiandikia kadi? Una siri gani na Wazungu wewe?"

"Ni makosa tu. Nipe."

Alinyoosha mkono, lakini Pei-chen alikuwa ameingia nyuma yake na katoni begani. Alilitua, akaichukua kadi kwa bibi yake kama alivyozoea, na tayari alikuwa ameanza kutabasamu. Tabasamu likakatika. Aliisoma, akaisoma tena.

"Lini?" akauliza.

"Lini nini?"

"Mama, usinifanye mtoto mdogo. Wamekwambia lini?"

"Mwezi wa saba."

"Mwezi wa saba!" "Huyu Zdenka hujawahi hata kumwona. Mimi nalala chumba cha pili. Unamwambia yeye, mimi hunambii?"

"Yeye hana harusi," Bi-yun akasema.

Mama mkwe alikuwa akiwatazama mmoja mmoja. "Nani anaumwa? Semeni kwa lugha ya watu." Alipoambiwa, aliketi taratibu kwenye kigoda. "Kumbe. Wiki tatu nakuona unabeba ndoo kwa mkono wa kushoto, nikadhani ni bega." Kisha akamgombeza, kwa sauti kubwa kuliko Bi-yun alivyowahi kuisikia miaka yote ya ndoa. Harusi ni meza thelathini za chakula, alisema, na meza huahirishwa kila siku. Yeye hakumpata mkamwana mzuri ili yeye mzee ndiye aje kumzika kwa sababu ya meza.

Teng-fa alikuta wote wanalia. Alipoelezwa, alikaa juu ya katoni likabonyea chini yake, akauliza, "Panauma?" Bi-yun akatikisa kichwa.

Kimbunga kilipiga siku moja na nusu, barabara ya Tainan ikajaa maji, na hizo ndizo zilikuwa saa ndefu kuliko zote, kwa kuwa sasa waliokuwa wanaogopa ni wanne. Maji yalipopungua walikwenda. Akachomwa sindano, wakaambiwa warudi baada ya wiki. Wiki hiyo ikawa na sikukuu ya mwezi ndani yake. Walichoma nyama uani kama majirani wote, na hakuna aliyejua alikuwa anatafuna nini.

Majibu yalikuwa mabaya. Lakini daktari alisema uvimbe bado ni mdogo, haujafika sentimita mbili, na kwamba wangefanya upasuaji kabla mwezi haujaisha. "Ungekuja baada ya harusi," alisema, kisha akaiacha sentensi hapo, akageukia kompyuta.

Ikabaki upande wa bwana harusi. Pei-chen alitaka kupiga simu yeye, Bi-yun akakataa. Alijua mama wa kijana, Bi. Lien, ni mtu wa kutazama kalenda ya siku njema na mbaya hata kwa kukata nywele. Ugonjwa kwa wakwe kabla ya ndoa angeuitaje? Alipiga mwenyewe, amesimama jikoni. Akasema yote kwa pumzi moja.

"Kidonda kinataka mchuzi wa samaki," Bi. Lien akasema. "Nitakuletea. Wewe unapenda tangawizi nyingi au kidogo?"

"Kidogo," akajibu Bi-yun, akakaa chini sakafuni.

Baada ya upasuaji Bi. Lien aliuleta mchuzi siku tano mfululizo, akibadilisha treni mara mbili na chupa kubwa ya kuhifadhi joto kwenye mfuko wa kitambaa. Harusi ilifanyika tarehe ile ile. Bi-yun alikuwa katikati ya matibabu ya mionzi, na fundi alilazimika kupasua kwapa la gauni lake na kutia kamba, kwa kuwa mkono wa kulia haukuinuka. Wageni walipokuja kugonganisha glasi, aliwanyooshea yake kwa mkono wa kushoto.

Sasa ni mwaka wa pili. Kila miezi mitatu huenda Tainan kupimwa, na siku kumi kabla ya hapo huwa hakukaliki naye, anafua hata nguo safi. Teng-fa hupanda naye basi. Njiani humbebea mkoba.