Vichwa vya Habari za Nyumbani

Nilifundishwa kutaipu na mwalimu aliyefunika mikono yetu kwa kitambaa ili tusichungulie vibonyezo. Nilifaulu vizuri, na sikuona sababu ya kuwaficha watu. Kichwa cha barua nilikipiga kwa herufi kubwa zilizoachana, kila moja na nafasi yake, chini yake nikapitisha mstari wa vistari, na pembeni nikapamba kwa vinyota. Wateja walipenda. Watu walitoka Funyula na kadi zao za harusi, wakapita ofisi nyingine za taipu, wakaja kwangu, na ukiniuliza mimi nitakuambia walikuwa na akili.

Ofisi yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa ambaye sote tulimwita bosi. Alikuwa na chumba Busia karibu na soko, na kingine Malaba, ambako mawakala wa forodha walileta karatasi za malori. Mimi nilitumika pande zote mbili, mwanzo wa wiki Busia, mwisho wa wiki Malaba. Mwishoni mwa miaka ya tisini akanunua kompyuta, na baadaye akaingiza intaneti kwa laini ya simu, ikilia na kukoroma kabla ya kukubali. Alikuwa na sheria moja tu, kwamba mtu asiweke programu yoyote kwenye mashine zake. Diski ya mteja iliwahi kuleta virusi kule Malaba, na tangu siku hiyo bosi aliziangalia diski kama kuku mwenye vifaranga anavyomwangalia mwewe.

Mdogo wangu wa kiume alipoteza macho kwa surua akiwa mtoto, nyumbani kwetu upande wa Sigalame. Walikuwapo watu wa ukoo waliomwambia mama kwamba kumsomesha ni kumwaga maji kwenye mchanga. Mama hakubishana nao. Alimpeleka shule ya wasioona, akarudi shambani kwake, na kila muhula ulipofika alitafuta namna. Kijana akawapita wengi wenye macho, mwishowe akapata nafasi ya chuo kikuu Ulaya. Siku anaondoka mama alitembea kifua mbele mbele ya wale wale watu wa ukoo, nami nilitembea nyuma yake nikiwa na raha isiyo na kifani.

Kwa hiyo ilipokuja simu kwamba hatamaliza, kwamba muhula ukiisha anarudi nyumbani moja kwa moja, mama aliketi kwenye benchi la wateja. Halafu akasema jambo ambalo lilinichoma. Alisema, akirudi hivi, atakaa uani mpaka azeeke, na wale watakuwa walisema kweli.

Kisa hakikuwa masomo, kilikuwa upweke. Mdogo wangu alinieleza mwenyewe, kwa haraka maana simu zilikuwa ghali. Vitabu vya chuo alijisomea kwa nukta nundu, na alikuwa na kompyuta iliyomsomea kwa sauti. Lakini barua zetu tulizotuma kwa posta, zilizotaipiwa na mimi fundi, ilibidi asomewe na mzee mmoja wa kujitolea aliyekuja kila Alhamisi. Mtu mwema, hakukosa hata wiki moja, ila Kiswahili hakukijua hata neno. Alizisoma herufi jinsi zilivyomjia, huku akitazama saa. Mama alipopata habari hiyo aliuliza kama huyo mzungu angalau anajua kulitamka jina la bibi yetu. Hakujua.

Mdogo wangu alikuwa na wazo. Programu yake ya kuongea ilijua kurasa za intaneti tu, tena alikuwa ameibadilisha isome kwa sauti ya Kihispania, kwa sababu irabu za Kihispania zinafanana na zetu. Nikiweza kumwekea habari za nyumbani kwenye ukurasa, alisema, atazisoma mwenyewe. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo kwa mtu kama mimi.

Siku hizo kulikuwa na mahali intanetini pa kufungua ukurasa bure, na kwingine walikupa kihariri cha kutengenezea ukurasa humo humo ndani ya brauza, ile ile ya kufungulia intaneti. Unaandika, unapiga rangi, unabonyeza, ukurasa umetoka. Hilo lilinifaa kuliko programu yoyote. Sheria ya bosi isingevunjika, na kazi niliyoianza Busia ningeikuta Malaba. Nikachagua kihariri kilichokuwa kizuri kuliko vyote machoni. Kilikuwa na rangi, na visanduku vya kupanga maneno kwa safu. Nikapiga SALAMU kwa herufi zilizoachana, nikaweka vinyota vyangu, salamu za mama upande wa kushoto, habari za nyumbani upande wa kulia. Bosi alikuja akasimama nyuma yangu akasema hata gazeti halijafika hapo.

Mdogo wangu alipiga simu siku ya soko, mama akiwapo.

“Dada, ile kichwa yako imesomwa herufi moja moja,” alisema. “Halafu nyota. Nyota mingi sana, mpaka nikaenda kukoroga chai nikarudi, bado ni nyota.”

Kisha akanisomea alichosikia. Mashine ilikuwa imekata moja kwa moja kutoka safu hii hadi ile, mstari kwa mstari: mama anakusalimu sana ng'ombe mweupe amezaa shangazi yako anasema jembe limepotea. Mama, aliyekuwa ameinama kusikiliza, aliuliza ni nani amezaliwa na ng'ombe. Mdogo wangu alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikwisha upesi. Alisema afadhali hata yule mzee wa Alhamisi. Na alisema tiketi ataiuliza wiki ijayo.

Niliudhika. Sikumkasirikia yeye peke yake, nilikasirikia na mashine yake, na Wahispania, na vinyota. Mtu nimesifiwa wilaya nzima kwa vichwa vyangu, halafu kijana niliyembeba mgongoni ananiambia vinamchosha. Nilitaipu karatasi za malori kwa hasira mpaka wakala mmoja akaniuliza kama mashine imenikosea. Lakini hasira yangu haina miguu mirefu. Usiku nilimwona mama akilini mwangu, kwenye lile benchi, na asubuhi nikaanza upya.

Brauza ilikuwa na mahali pa kubonyeza ukaona ukurasa ulivyo kwa ndani, alama zote zilizojificha nyuma ya maneno. Nilifungua ule wangu mzuri. Kichwa changu hakikuwa kichwa. Hapakuwa na alama yoyote iliyosema hapa ni kichwa cha habari. Palikuwa na rangi nyekundu, ukubwa wa herufi, na nafasi tupu nyingi. Mimi nilijua ni kichwa kwa sababu nilikiona. Asiyeona hakuachiwa chochote cha kumwonyesha njia.

Nikagundua pia kwamba kulikuwa na mahali intanetini unapopeleka ukurasa wako ukaguliwe. Ulifunguliwa wote kama lori pale Malaba, alama kwa alama, kuona kama kila kilichofunguliwa kimefungwa, na kama kila kitu kimo mahali pake. Nilipeleka wangu. Makosa yaliteremka kwenye skrini mpaka nikaacha kuyasoma.

Basi nikaanza kuvipima vihariri kimoja kimoja, saa ya chakula cha mchana, kwa maneno yale yale ya ng'ombe mweupe. Sikuwa na mashine ya kuongea, kwa hiyo bosi akajitolea awe mdogo wangu. Alijifunga leso machoni, akaketi akielekea ukutani na chapati mkononi, akaniambia nisome kila kitu kilichomo ndani kama mashine, nisimwonee huruma. Kile cha kwanza hakukivumilia kabisa.

“Sasa hizo nyota zote ni za nini?” aliuliza. “Mimi nataka ng'ombe.”

Cha pili nilikipenda, kwa sababu kilifanana na karatasi nyeupe ya taipu, na kilikuwa na kibonyezo cha kichwa cha habari. Lakini kwa ndani kilikuwa kichafu. Ukifuta sentensi, maneno yanaondoka na alama zake zinabaki. Kilifungua hiki kabla hakijafunga kile, vikapishana ovyo. Nilimsomea bosi hadi habari za jembe, akanisimamisha kwa mkono.

“Umeniingiza kwa kichwa na hujanitoa,” alisema. “Bado niko ndani.”

Alikuwa sahihi. Alama ya kufunga haikuwapo popote, na mkaguzi wa intaneti alisema hivyo hivyo, kwa maneno marefu zaidi.

Kihariri cha tatu kilikuwa kibaya cha sura, cha kijivu, na vibonyezo vichache tu: kichwa, aya, orodha, maneno mazito. Rangi hakina. Safu hakina. Ukigonga kibonyezo cha nafasi mara kumi, kinaweka nafasi moja tu na kukaa kimya. Mimi niliyezoea kupanga maneno katikati ya karatasi kwa kuhesabu nafasi, nilijiona nimevuliwa viatu barabarani. Lakini nilipokifungua kwa ndani palikuwa safi kama ua uliofagiliwa. Kichwa kilisema mimi ni kichwa, kisha kikafungwa. Aya ikaanza, ikaisha. Mkaguzi hakupata kosa hata moja. Bosi, na leso yake usoni, aliniambia bila kuulizwa ni wapi salamu zimeishia na ni wapi shamba limeanza.

Nikachagua hicho. Iliniuma, nisidanganye. Niliandika Salamu kwa herufi za kawaida, zikiwa zimebanana kama maneno mengine yoyote, bila mstari chini na bila nyota, nikabonyeza kichwa, nikajizuia mkono.

Mama alikuja siku ya soko kwa boda boda, baiskeli ya kijana mmoja wa kutoka Marachi, akaketi kando yangu akanipa maneno. Kwanza alitaka kujua kama mtu mwingine anaweza kuyasoma mambo yetu. Nilimwambia dunia nzima inaweza, ila sijui ni nani huko duniani atakayemtafuta ng'ombe wetu. Akaridhika. Tukaweka Salamu, tukaweka Ng'ombe, Shamba, Kanisa. Nilimweleza kwamba safari hii kijana ataweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa. Hilo halikumfurahisha sana.

“Salamu hairukwi,” alisema.

Mwisho kabisa nikaongeza kichwa changu mwenyewe: Mawaidha ya Dada Yako. Hapo niliandika kwa moyo wangu wote. Nilimwambia mvumilivu hula mbivu. Nilimkumbusha mama alivyohangaika, na watu wa ukoo walivyosema, nikamweleza kwamba mtu mzima hakimbii shule kwa sababu ya upweke. Yalikuwa mawaidha marefu kuliko habari nyingine zote zikiwekwa pamoja, na niliamini kwamba kubaki kwake au kurudi kwake kunategemea hayo. Mama alinisikiliza nikimsomea, akatazama mlangoni, akasema ni maneno mazuri.

Wakati wote huo bosi alikaa mlangoni na kiti chake akiwaambia wateja wasubiri kidogo, laini iko na kazi. Haikuwa na kazi yoyote ya kumletea faida. Angeweza kunifukuza, au kunikata mshahara, au angalau kuguna. Badala yake aliwazuia watu wazima wenye haraka zao ili mtoto wa mtu mwingine asome habari za ng'ombe. Nimefanya kazi na mabosi wengine baadaye, wenye shahada, na bado sijaona moyo kama ule. Mungu amweke anapokaa.

Simu ililia siku ya soko iliyofuata. Mama alikuwa amefika mapema kuliko siku zote na alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisa. Nilishika mimi. Mdogo wangu hakunisalimu kwanza kama kawaida yake, alianza kuongea tu. Alisema ukurasa umesomeka wote. Salamu amezisikiliza, kisha akarudi akazisikiliza tena, jina la bibi limetoka vizuri kwa Mhispania kuliko kwa yule mzee. Kwa ng'ombe amerudi mara nyingi. Kanisa amepita juu juu.

Nilimuuliza kuhusu mawaidha.

“Hayo nimeruka, dada.”

Nilivuta simu karibu zaidi na sikio. Nadhani aliisikia pumzi yangu.

“Nimesikia kichwa, nikajua ni wewe, nikaruka,” alisema. “Unajua ni miaka mingapi sijaruka kitu? Ukisomewa huwezi ruka. Unakaa tu, unaitikia, juu ya vile mtu amekusaidia. Leo nimekuruka na hakuna mtu amekasirika.”

Nilikuwa nimekasirika kidogo, lakini sikusema. Alicheka, kicheko kile cha nyumbani ambacho sikuwa nimekisikia tangu aondoke, na akaniambia nimwambie mama hakuna tiketi aliyouliza, ataimaliza shule, ila kila wiki awekewe ng'ombe.

Nilimpa mama simu asikie mwenyewe. Alisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, akanirudishia, akavua kitambaa kichwani akajifuta uso nacho mbele ya wateja bila kuona haya. Bosi alijifanya anapanga karatasi. Mama alipotulia aliniuliza ni neno gani hasa lililombadilisha kijana, kama ni yale mawaidha yangu. Ningeweza kukubali. Nilimwambia kwamba mawaidha hakuyasoma hata mstari mmoja, aliyaruka yote.

Mama alijifunga kitambaa chake upya.

“Hata mimi ningeruka,” alisema.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hadi leo namshukuru kijana yule kwa kutonisikiliza.