Kashata ya Kwapani

Juzi nilienda Kariakoo kununua vifungo, miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mtaa niliokulia. Ile nyumba yetu ya vyumba sita haipo tena. Limesimama ghorofa la vioo, na chini wanauza simu. Nilikuwa nimeduwaa mlangoni, nikikisia baraza lilianzia wapi na kuishia wapi, dada muuzaji akanikaribisha: "Karibu mama, unatafuta simu gani?" Nikamjibu naangalia tu. Ningemwambia nini zaidi?

Kama na wewe ulikulia nyumba ya kupanga, utanielewa. Korido moja katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani choo na jiko la wote. Baba yangu alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akapanga chumba cha mbele akauza saruji na misumari. Sisi tulilala chumba kilichofuata. Asubuhi tuliamshwa na mikokoteni na wachukuzi wakifokea watu wapishe njia, halafu harufu ziliingia moja moja: vitunguu, dagaa, maandazi ya iliki ya mama lishe wa pembeni.

Chumba cha kutazamana na chetu alikaa jirani yetu mshonaji, mwanamke wa Kiarabu aliyefiwa na mumewe kabla hawajapata mtoto. Cherehani yake ya miguu ilikaa barazani kutwa nzima. Nilikuwa na miaka minane nilipoanza kukaa chini karibu naye, nikiokota pini kwa sumaku na kupuliza mkaa wa pasi. Baba akimaliza kumimina saruji ya kuuza kwa kilo, mimi nilibeba mifuko mitupu kwa jirani. Tuliikung'uta uwani mpaka tukawa weupe kama mizimu, tukachambua karatasi ya ndani iliyo safi, naye akachorea hapo ruwaza za magauni kwa kipande cha sabuni. Alikuwa na maneno yake. "Usikate kitambaa ukiwa na hasira," aliniambia kila nikishika mkasi. Tukimaliza, alinipa chai ya tangawizi na kipande cha kashata.

Na ndiyo kashata ninayotaka kukusimulia.

Yule mama lishe magauni yake yalikuwa yakichanika kwapani. Kazi ya kuinua masufuria toka alfajiri, mshono gani utavumilia? Kila wiki alileta gauni lishonwe tena. Siku moja jirani hakuziba mshono. Alilifumua lote, akakaa akilitazama, kisha akaokota kashata kwenye sahani, akaiweka juu ya karatasi ya saruji, akachora pembe zake nne. Alikata kitambaa kwa umbo lile, kubwa zaidi, akakishonea kwapani. Alikosea mara tatu. Mara ya nne mama lishe alivaa, akainua mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, gauni halikupanda wala kuvuta. Akaanza kucheza pale pale barazani, na nyumba nzima ikatoka kumcheka.

"Umeona?" jirani aliniuliza. "Sasa shona wewe."

Nilishona. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mpaka leo sijawahi kupata furaha iliyozidi ile.

Baba hakupenda. Alikuja barazani akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Sikutoka mlimani kuja kulea fundi cherehani." Jirani hakuacha kukanyaga cherehani. "Jirani yangu," alisema, "mwanao ana mikono. Asubuhi mpeleke shule. Jioni niachie mimi." Baba aliondoka, na kesho yake mifuko mitupu aliipanga mwenyewe mlangoni kwa jirani. Hivyo ndivyo nilivyoruhusiwa kuwa mbunifu wa mavazi.

Nilisoma, nikaenda chuo, nikafungua karakana yangu. Mwaka nilioonyesha mavazi yangu katika hoteli kubwa, kila gauni lilikuwa na kashata kwapani, ya rangi tofauti na gauni lenyewe, ionekane pale mwanamitindo anapoinua mkono. Watu walisimama kushangilia. Baada ya siku chache nikaitwa kwenye televisheni. Mtangazaji akaniuliza, "Hiki kipande cha ajabu, nani alikufundisha?"

Sikupanga kusema uongo. Taa zile, yule mtangazaji aliyenitazama kama muujiza. Nikasema, "Hakuna. Nilikiota. Utotoni nilipenda sana kashata."

Jioni ile mama alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jirani aliwaita wapangaji wote wakutazame. Alitandika mkeka, akatengeneza juisi ya ukwaju. Aliwaambia, sikilizeni, sasa hivi atanitaja." Nikamuuliza alisemaje baadaye. "Alikusanya glasi. Akasema mtoto amechoka, amesahau."

Nikajiapia kwenda Jumamosi. Jumamosi ikaja na kazi, na iliyofuata nayo hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba niliogopa lile baraza. Mwenye nyumba akafariki, watoto wake wakaiuza, wapangaji wakapewa miezi mitatu. Wazazi wangu wakahamia Ilala. Jirani alichukuliwa na watoto wa kaka yake, Tabora. Siku anaondoka mimi nilikuwa kwenye maonyesho.

Nilimfuata baada ya mwaka mzima. Nilimkuta amekaa kitini uwani, mikono imekunjamana vidole, haishiki tena sindano.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Tangu utotoni aliniita mwanangu. Nilipiga magoti nikaomba radhi, nikalia. Alinisubiri nimalize, kama alivyokuwa akisubiri pasi ishike moto.

"Kushona nilikufundisha kwa mapenzi yangu," alisema. "Sikutaka unisifie. Ungesema tu kulikuwa na mtu."

Nikatoa simu nikamsihi asimulie mwenyewe jinsi kashata ilivyoanza, nirekodi, dunia nzima isikie. Akausukuma mkono wangu pembeni, taratibu.

"Nikisema sasa, watasema kizee kinamwibia mtoto. Niache. Na jina langu usilitaje kokote."

Alifariki kabla sijarudi tena. Jina lake sijalitaja, hata hapa.

Mama lishe sijui aliko. Baba hakumbuki tena vizuri, na mama akisimulia anachanganya miaka. Wapangaji wa nyumba ile wametawanyika, na kila mmoja ameondoka na kipande chake. Sasa kila nikiitwa mbele za watu nasema wazi kwamba ile kashata si yangu, ni ya jirani yetu wa Kariakoo aliyeshona barazani, mimi nilimwokotea pini tu. Nayasema polepole, neno kwa neno, wasije wakanielewa vibaya. Na watu wananipigia makofi, halafu wanaambiana jinsi nilivyo mnyenyekevu.