Runinga Iliyohamia Kwangu

Hili ninalolisema Kaole nzima hawataliamini, na wasiamini. Jirani yangu, mjane, kila baada ya alasiri hufuta runinga kwa upindo wa kanga, kisha huitafutisha simu ya marehemu mumewe. Simu imekufa kioo, kwa hiyo video za bwana yule hazionekani ila kwenye runinga. Runinga hujibu: hakuna kifaa. Naye huipapasa ile simu, akaiambia, "Haya, pumzika, tutajaribu kesho," akaichomeka chaji taratibu kama anayelaza mgonjwa. Mimi, bingwa wa mitambo kutoka hapa hadi Mbegani, nilitazama mara moja nikacheka. Siku ya hitima tuliiunganisha runinga yake na waifai ya nyumbani kwangu ili kisomo cha mtandaoni kisikatike, na haikurudi tena kwenye waifai yake. Simu iko kwenye mtandao wake, runinga iko kwenye wangu, zitaonanaje? Nikairudisha. Jina la marehemu likatokea, nikabonyeza, video ikaanza. Sauti yake ikaita, "Bibie, hebu tazama huku!" Jirani yangu akageuka, akaitikia, "Abee." Halafu akalia machozi ya kujaza ndoo, nami nikamtuliza kiume, bila hata chozi moja kunito—

"Shemeji, aliyelia ni wewe."