Kuzunguka Uwanja

Leo nimetwanga makopa ya muhogo, na ile harufu yake chachu iliponipanda puani nikautupa mchi chini. Mwanangu akashtuka, akalia.

Asubuhi ile ya miaka mingi nyuma, nikiwa mwanafunzi, pia mikono yangu ilinuka makopa. Nilimsaidia mama kutwanga, nikachelewa shule. Nikamwambia mwalimu wa fizikia shikamoo, hakuitikia. Alivuta soksi zake ndefu, akaniamuru nikimbie kuzunguka uwanja, nipite kisimani, nirudi mlangoni. Niliporudi, wavulana wakaziba pua.

"Mtazameni," mwalimu akawaambia. "Kasi anayo. Lakini velositi inataka na upande unaoelekea, na huyu bibi karudi palepale alipoanzia. Velositi yake sifuri!"

"Bi Sifuri wa makopa!" wakapokea.

Uongo mtupu! Sifuri ni wastani wa safari nzima. Nilipokuwa naelekea kisimani, kila hatua yangu ilikuwa na kasi yake na upande wake. Nililijua hilo palepale, jasho likinitiririka.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Sifuri."

Nikakaa, nikaificha mikono yangu chini ya dawati.