Mashimo ya Muhogo Kule Mutoni

Juma lililopita nilichota bunga ya muhogo kwa kiganja, nikaileta puani, na haikunuka kitu. Hapo nikaamini niliyoambiwa hospitali. Mutu ambaye hakukulia kwetu atafikiri bunga isiyonuka ndiyo bunga safi. Hapana, rafiki yangu. Bunga ya muhogo muchungu ulioloweshwa vizuri ina uchachu wake, unausikia tangu mulangoni, unaingia mpaka kwenye nguo. Hii yangu ilikuwa nyeupe kama chaki, na kama chaki haikusema neno. Nilisimama nayo katikati ya parsele yetu, kiwanja chetu hapa mutaa wa Shari, pikipiki zinapiga honi barabarani, lakini mimi sikuwa Shari tena. Nilikuwa mutoni, kwa koko.

Koko ni mama ya mama yangu. Nitafika kwake. Nikueleze kwanza kilichotokea, na unisamehe kama nitapiga kelele.

Siku moja kabla, muchana, mutoto wangu ambaye hajafikisha miaka miwili alikula bugali na mboga ya sombe akashiba. Mimi nilikuwa sokoni na nguo zangu za kuuza. Niliporudi, alikuwa anatapika. Halafu akalegea, shingo haisimami, macho yanazunguka. Nilimubeba mbio mpaka hospitali ndogo ya kartie, ya mutaa wetu, kiatu kimoja kilibaki njiani. Munganga alimuwekea serumu mushipani, akaniuliza mutoto amekula nini. Nikamuambia.

"Mama, ile muhogo haikukaa mu maji," alisema. "Sumu iko ndani bado."

Tulilala kule. Asubuhi mutoto alidai chai, Mungu ni mukubwa. Nilimurudisha nyumbani mugongoni, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kunusa bunga.

Bunga ile ilitoka mikononi mwa mudogo wangu. Ana miaka kumi na tano, anakaa kwangu ili asome. Mama yetu bado yuko kwenye site ya wakimbizi, na kule musichana wa umri huo hasomi, anapanga foleni ya maji. Nilikuwa nimemuachia muhogo muchungu, nikamuambia aloweshe, akaushe, apeleke kwenye mashini ya kusaga. Juma lilikuwa halijaisha na bunga iko tayari. Mimi, mujinga, nikafurahi. Nikasema moyoni, huyu ameanza kupata akili.

Basi kelele zilizopigwa katika parsele yetu siku ile, hata barabarani walisimama. Jirani yetu, muzee aliyekuwa mwalimu zamani, alitoa kichwa juu ya lupango inayotutenganisha: "Watoto ya leo! Akili yote iko mu telefone!" Mama mukwe wangu, ambaye tunakaa naye, hakupiga kelele. Ni mubaya zaidi akisema polepole.

"Huyu arudi kwa mama yake kule site," alisema. "Bwana yako anarudi kutoka Ariwara Jumapili, siku ya Mungu. Nitamuambia mimi mwenyewe."

Na mimi, niliyejua kwamba kumurudisha kule ni kuyakatiza masomo yake, nilipiga kelele kuliko wote. Nilimuita mujinga, muvivu, mutu asiye na kichwa. Nilisema, "Siye wakati wetu!" Mimi, mwenye miaka ishirini na saba. Niliisikia sauti ya koko inatoka katika mudomo wangu, na hata hiyo ilinikasirisha.

Maana koko alikuwa na hasira na watoto kila siku. Mama yetu alikuwa anapikia wachimba dhahabu kule Bambu, bunga yake ananunua sokoni, hana saa ya kulowesha kitu. Mimi nilipofika miaka saba akanituma kwa koko, kwenye kilima chake. Chini ya kilima muto ulipita taratibu kati ya matete, na ukingoni wanawake walikuwa wamechimba mashimo, kila nyumba shimo lake. Humo ndimo muhogo ulikaa. Tuliumenya asubuhi, mikono inateleza kwa maziwa yake, tukaupanga, mweupe kama mifupa, ndani ya maji, tukafunika kwa majani ya ndizi na mawe mazito juu ili usielee. Koko alisimika kijiti pembeni. Kila asubuhi alikitia alama moja kwa kisu. Alama nne, ndipo unatoa. Wakati wa baridi, tano.

Siku ya tatu harufu ilianza kupanda kilima. Wageni walishika pua. Siye tulisikia njaa.

Nikwambie na yale mengine, maana nikianza siwezi kunyamaza. Vyura waliokaa juu ya mawe yetu kama wenye nyumba. Muhogo ulioanikwa juu ya miamba, ukiutazama kutoka kanisani ungesema ni kanzu zilizoanikwa. Siye watoto tulikaa pale na fimbo kufukuza mbuzi, na mbuzi walijua ni nani kati yetu anapenda kusinzia. Jioni kulikuwa na kinu kimoja na wasichana wawili, mumoja anapandisha muti wake wa kutwangia, mwingine anashusha wake, ukikosea kidogo unavunja mukono wa mwenzako. Halafu bugali, moto mpaka unaihamisha mukono kwa mukono, na samaki wadogo wakavu wa ziwani katika mawese, mafuta ya ngazi.

Na juu ya yote hayo, sauti ya koko. Ukichelewa kurudi na maji: "Mikono yenu ni ya kujipakaa mafuta tu!" Ukiacha sufuria na ukoko: "Mutaua watu! Mutaua watu na chakula!" Tulikuwa tunacheka tukijificha nyuma ya nyumba. Nani anaua mutu kwa sufuria? Tulimuigiza, mikono kiunoni, mudomo umevutwa pembeni. Alituona mara nyingi. Alisema tu kwamba hata kuigiza tunaigiza kivivu.

Mwaka niliotimiza kumi, kulikuwa na mupira wa miguu kule misioni, timu mbili kubwa, na zamu ya muhogo ilikuwa yangu. Siku ya pili nikatoa. Nikajiambia maji ni maji. Nilikuwa sijafika nusu ya kilima na kapu kichwani, jirani mumoja wa koko, mama munene aliyekuwa anateka maji, akanisimamisha. Alichukua muhogo mumoja tu, akaubonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuingia. Alipiga mulio mumoja kuelekea juu, na koko akatoka.

Sikupigwa. Ningependa nipigwe. Koko alinirudisha mutoni na kapu kichwani mbele ya wanawake wote, akatupa kijiti cha zamani, akasimika kipya kisicho na alama. Na kwa kuwa bunga ya nyumba ilikuwa imekwisha, tulikula viazi vitamu. Asubuhi viazi, jioni viazi. Kila mugeni aliyefika koko alimukaribisha vizuri, akamupa kiti, halafu akanielekeza kidole: "Bugali hakuna. Uliza huyu." Nilieleza habari ya mupira kwa baba mukubwa, kwa katekista, kwa mutu aliyekuja kuuza chumvi. Tangu siku hiyo, hata nikiwa na homa, najua kuhesabu nne.

Kwa hiyo unaelewa kwa nini nilikuwa nawaka. Siku tatu nzima sikumuambia mudogo wangu neno ila la matusi. Siku ya Ijumaa ndipo nilipomuuliza, na hata hivyo nilimuuliza ili nipate sababu ya kuanza tena.

"Weye, ile muhogo ulilowesha siku ngapi?"

"Usiku moja, yaya," alisema; ndivyo anavyoniita mimi dada yake.

"Usiku moja! Nani alikuambia usiku moja?"

Aliniangalia kama mimi ndiye nisiyejua kitu. "Si iko kama maharagi?"

Hapo nikaanza kuhesabu miaka yake.

Alikuwa na miaka sita tulipokimbia vita. Alizaliwa Bambu, kwa bunga ya kununua, na akakulia kwenye site, kwa bunga inayotoka ndani ya mufuko wa musaada uliochapishwa maandishi. Katika maisha yake yote kitu kimoja tu ndicho alichokiona kinaloweshwa: maharagi, jioni ndani ya sufuria, asubuhi jikoni, ili kuni zisiishe. Na alikuwa hodari wa maharagi, mama alimusifu sana. Kapu langu la muhogo alikuwa amelifanyia kazi vizuri kabisa, ila kazi ya kitu kingine. Koko mwenyewe alikufia kule site, mwaka wa pili, bila kugusa muhogo. Bidon ya maji uliyoipangia foleni tangu alfajiri, nani ataiachia mihogo siku nne?

Usifikiri hasira iliisha. Ana mudomo, ana telefone anayoitunza kuliko meno yake, angeniuliza! Niloweshe nini, yaya, namna gani, mpaka lini? Hapana. Vijana hawa kuuliza wanaona haya, kukosea hawaoni haya. Lakini na mimi nilisema nini siku ile? Lowesha, kausha, sagisha. Maneno matatu, halafu nikakimbilia sokoni. Hata koko pamoja na kelele zake zote hakuwahi kunituma kwenye shimo ambalo hajanionyesha.

Siku ya Mungu bwana yangu alifika, akala, na mama mukwe akaanza kabla sahani haijaisha. Alisema yote. Mudogo wangu alikuwa nyuma ya mulango, vidole vyake vya miguu naviona.

"Hakufundishwa, mama," nilisema.

"Mwanamuke hafundishwi kulowesha muhogo. Anaona."

"Aone wapi?"

Bwana yangu aliinamia sahani. Mimi nilirudia, na sauti yangu haikuwa na heshima, nakiri. "Aone wapi, mama? Uniambie, nitamutuma sasa hivi."

Mama mukwe naye ni mutu wa kwetu Djugu, naye alikimbia na sufuria moja. Aliweka tonge chini. Kisha akasema, akiitazama mikono yake, "Shimo langu lilikuwa karibu na daraja. Maji ilikuwa baridi, ile ilikuwa inataka siku tano." Akasukuma sahani. "Abaki. Lakini atalowesha mbele ya macho yangu."

Amebaki. Tumeweka pipa nyuma ya nyumba, na wanawake wawili, mimi na mama mukwe, tunasimama juu ya kichwa chake kama askari. Lakini kinachoniuma kuliko upumbavu wa vijana, rafiki yangu, ni hiki. Mashimo yetu kule chini bila shaka yamejaa matope na matete. Na pale mutoni, muhogo mubaya ulikutana na vidole gumba kumi kabla haujafika katika mudomo wa mutoto. Hapa unatoka kwenye pipa, unaingia kwenye sahani, na katikati ni siye wawili tu. Wazee wanasema akili imepotea. Ilikuwa imekaa mahali fulani, nasi sote tunajua ni wapi, na hakuna anayeweza kushuka kule leo.

Mudogo wangu sasa anauliza. Nilimuambia uliza, basi anauliza tangu anapoamuka, mpaka kichwa kinaniuma. Jana nilikuwa nimechelewa soko, mutoto analia, naye akasimama mulangoni na sahani mukononi: "Yaya, na muchele inaloweshwa siku ngapi?"

Nilitaka kumurushia kiatu. Niliweka muzigo chini, nikamujibu.